Kisu cha Mpandikizaji

Mche wa makadamia uliooteshwa kwa njugu na kuachwa ujikulie huchukua miaka saba au zaidi kabla ya kuzaa. Uliopandikizwa huanza mapema zaidi, aghalabu mwaka wa tatu au wa nne. Kwa hiyo vitalu vya Embu na Meru, kwenye miteremko ya Mlima Kenya, vinamhitaji sana fundi mwenye kisu kikali. Ufundi wake unastahili heshima kubwa kuliko unayopewa, kwa kuwa unagusa kiini cha ukuaji: jeni ipi iwashwe, wapi, na lini.

Seli zote za mti mmoja usiopandikizwa zina jeni zilezile. Seli ya jani hutofautiana na ya mzizi kwa sababu protini maalumu hushika sehemu fulani za DNA na kuwasha jeni zinazohitajika hapo, nyingine zikibaki zimezimwa. Umri nao hutawaliwa hivyo. Katika mmea mchanga, molekuli ndogo iitwayo maikroRNA 156 huwa tele na kuzizuia jeni za SPL, zinazoupeleka mmea kwenye utu uzima na maua. Mmea ukikomaa molekuli hiyo hupungua. Hali hii imeonekana katika mahindi na hata katika mikaratusi.

Ndiyo maana fundi hakati kikonyo, yaani kijitawi cha kupandikiza, popote. Huchagua mti uliokwisha kuzaa vizuri, wa aina kama EMB-1 ya Embu, akabambua ganda la tawi kwa mduara wiki kadhaa kabla ya kukata kikonyo, ili chakula kishukacho kutoka majanini kirundikane hapo. Kikonyo hicho hakisahau utu uzima wake, hata kikiwekwa juu ya shina changa.

Kwenye jeraha hutakiwa kinyume: seli zisahau. Fundi huchonga kikonyo kwa mkato mmoja mrefu, laini, mpaka utando mwembamba wa kambiamu, kati ya ganda na mbao, uonekane. Akiulinganisha na wa mche na kufunga nailoni barabara, seli za pale huacha kazi zao za awali, hugawanyika na kuziba pengo. Kisha oksini, homoni itokayo kwenye machipukizi, hujikusanya juu ya mkato, na jeni za mishipa huwashwa. Baadhi ya seli hujijengea kuta nene, halafu hufa. Kuta hizo tupu ndizo mabomba ya maji. Kisu butu huziponda seli kabla hazijaanza. Na kambiamu zisipogusana walau upande mmoja, kikonyo hukauka.

Mnunuzi wa miche na akague kiungo kwanza, ndipo atazame majani.