Pumzi Mbili za Lancia Delta S4

Injini ya petroli hula hewa kuliko inavyokula mafuta. Kila kilo moja ya petroli hudai kilo kumi na nne na ushei za hewa ili iungue yote, na kwa kuwa hewa ni kitu chepesi, lita moja ya petroli huhitaji takriban lita 9,000 za hewa zipite katika silinda. Kuongeza petroli ni kazi ya pampu ndogo. Kuongeza hewa ndiko kulikowataabisha mafundi tangu karne ya 19, kwani pistoni ishukapo huacha nafasi, na hewa ya nje huijaza nafasi hiyo kwa uzito wake yenyewe, wala haizidi hapo. Dereva aliyeipandisha gari yake kutoka Mombasa hadi Nairobi, kiasi cha mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ameionja hasara ya jambo hili, maana hewa ya huko imepungua uzito kwa karibu sehemu moja katika sita, na injini isiyo na msaada hupungukiwa nguvu kwa kadiri hiyo hiyo.

Msaada huo ulitafutwa kwa njia mbili. Ya kwanza, ambayo Gottlieb Daimler aliiombea hataza huko Ujerumani mwaka 1885, ni ya supachaja, yaani pampu ya hewa inayozungushwa na injini yenyewe kwa mkanda au kwa gia. Ya pili ni ya Alfred Büchi, mhandisi wa Uswisi, ambaye mwaka 1905 aliomba hataza ya chombo kinachoishi kwa moshi: gesi ya moto, ikitoka silindani kwa kasi, hupiga mapanga ya gurudumu dogo, na gurudumu hilo, kwa mhimili mmoja, hulizungusha la pili ambalo huvuta hewa safi na kuishindilia ndani. Hiyo ndiyo turbo.

Kila kimoja kina aibu yake. Supachaja ni viriba ambavyo mhunzi huvivuta kwa mkono wake mwenyewe: moto huitika papo hapo, lakini mkono huo huo ndio unaotakiwa kushika nyundo. Kadiri injini inavyokwenda mbio ndivyo pampu inavyozidi kuidai nguvu, hata hufika mahali ambapo faida na gharama hukaribia kulingana. Turbo haina deni hilo zito, kwa sababu chakula chake ni joto ambalo lingetupwa hewani kwa bomba la moshi, nalo ni karibu theluthi ya joto lote la mafuta. Lakini gurudumu lake, ambalo halina budi kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika ili litoe shinikizo la kutosha, haliwezi kuamka kabla moshi haujawa mwingi. Na moshi hauwi mwingi kabla injini haijashika kasi. Basi dereva hukanyaga mafuta, akangoja, na nguvu humjia ghafla, aghalabu akiwa amekwisha kuufikia ukingo wa njia.

Katika mbio za barabara za vumbi na theluji, zenye kona zisizohesabika, kungoja huko kulikuwa msiba. Kwa ajili hiyo mafundi wa Lancia na Abarth, mjini Torino, walipoitengeneza gari ya 037, waliichagulia supachaja yao iitwayo Volumex. Na ingawa gari hiyo ilisukumwa na magurudumu ya nyuma peke yake, ilinyakua ubingwa wa dunia wa watengenezaji mwaka 1983, ikiishinda Audi Quattro yenye turbo na magurudumu manne ya kusukuma. Naona ushindi ule ulikuwa hoja ya utii wa injini dhidi ya wingi wa nguvu. Hata hivyo hoja hiyo haikudumu. Audi walitwaa ubingwa wa 1984, Peugeot wakafuatia 1985 na 205 Turbo 16, na Volumex, ikiisha kuipatia injini nguvu za farasi 300 na kidogo, ilikuwa imekwisha kufika kikomo chake.

Hapa ndipo Claudio Lombardi, mhandisi wa Lancia, na wenzake walipoisoma sheria kwa jicho la mwanahesabu. Kanuni za Kundi B, kundi la magari ya mbio hizo, ziliamuru kwamba injini yoyote inayoshindiliwa hewa, kwa chombo cha namna yoyote, ujazo wake uzidishwe kwa 1.4 kabla ya kupangwa katika daraja. Walichonga injini ya sentimita za ujazo 1,759. Ukizizidisha kwa 1.4 hupata 2,462 na sehemu, chini kidogo ya mpaka wa 2,500, na gari ya daraja hilo iliruhusiwa kuwa na uzito wa kilo 890 tu. Lakini sheria haikuuliza vyombo vya kushindilia ni vingapi. Adhabu ya kuwa na kimoja na ya kuwa na viwili ilikuwa moja; basi wakaweka vyote viwili.

Gari iliyopewa injini hiyo, Delta S4, ilipumua kwa mpango huu. Hewa ilipita kwanza katika turbo, ikapozwa, ikaingia katika Volumex, ikapozwa tena, ndipo ikafika silindani. Injini ikiwa katika mzunguko wa chini, turbo ingali imelala, Volumex ilishika kazi yote, na dereva aliikuta nguvu chini ya mguu wake pasipo kungoja. Tena hewa hiyo iliyoongezwa ilizidisha moshi, na moshi ukaiamsha turbo mapema kuliko ambavyo ingeamka peke yake. Turbo ilipokwisha kushika kasi, na shinikizo lake likaipita kadiri ya Volumex, vali ilifunguka na kuipisha hewa pembeni ya pampu. Jambo ninalolistahi zaidi katika kazi hii ni makabidhiano hayo, ambayo hayakuachwa yamtikise dereva katikati ya kona.

Kupoza huko mara mbili hakukuwa anasa. Hewa ikishindiliwa hupata joto, na hewa ya joto hutanuka, ikapoteza sehemu ya uzito uliotafutwa. Vibaya zaidi, huifanya petroli ilipuke yenyewe nje ya saa yake na kuzipiga pistoni hadi zitoboke. Ndiyo sababu gari ilibeba vipoza viwili, mabomba mengi na mkanda wa pampu, vyote nyuma ya kiti cha dereva. Malipo yake yalikuwa nguvu za farasi zipatazo 480.

Mwezi wa Novemba 1985, katika RAC Rally ya Uingereza, gari hiyo ilishindana kwa mara ya kwanza. Dereva wake Henri Toivonen akawa wa kwanza, na mwenzake Markku Alén wa pili. Toivonen akashinda tena Monte Carlo mwanzo wa 1986. Tarehe 2 Mei mwaka huo, katika kisiwa cha Corsica, gari yake ilitoka njiani ikawaka moto, akafa yeye na msaidizi wake Sergio Cresto, na Kundi B lote likafungwa mwisho wa mwaka. Katika Safari Rally ya Kenya ya 1986 Lancia walikuwa wameleta 037 ya zamani. Alén akawa wa tatu, nyuma ya Toyota Celica mbili zenye turbo. Wala sishangai, maana katika nyika ndefu zilizo juu sana kuliko bahari, ambako injini hukaa katika kasi moja kwa kitambo kirefu, turbo haina sababu ya kulala.

Volkswagen waliufufua mpango huo mwaka 2005 katika injini ya lita 1.4 yenye nguvu za farasi 170, wakiifunga supachaja kwa klachi ya sumaku ili iondolewe kabisa kazi yake ikiisha. Lakini baadaye wao pia walirudi kwenye turbo pekee, kwa kuwa magurudumu madogo na mepesi yalikuwa yamekwisha kuufupisha usingizi kwa gharama ndogo. Mwaka 2022 Mercedes-AMG waliuza gari ya C 43 ambayo katika mhimili wa turbo yake, baina ya gurudumu la moshi na gurudumu la hewa, mmetiwa mota ya umeme yenye unene wa kiasi cha sentimita 4, inayoweza kuuzungusha mhimili huo hadi mara 175,000 kwa dakika kabla moshi haujafika. Zamu ile ya kwanza, iliyokuwa ya Volumex na mkanda wake, sasa inashikwa na mota hiyo.