Nyumba kwa Nguvu ya Nani? Fikra za Turner na Ardhi ya Mpemba

Mwaka 1976 msanifu majengo wa Kiingereza, John Turner, alitoa kitabu kiitwacho Housing by People. Alikuwa amefanya kazi Peru kuanzia 1957 hadi 1965, na aliyoyaona huko yalimfikisha kwenye nadharia moja: thamani ya nyumba haiko katika kuta zake bali katika namna inavyomfaa anayeikaa, na mkaaji akiachiwa madaraka atajenga kwa gharama ndogo kuliko shirika lolote la umma.

Hatuna sababu ya kuikataa sehemu hii ya hoja. Huko Mpemba, kama katika vitongoji vingi vya nchi yetu, mwananchi hufyatua tofali mwaka huu, akazichoma, akainua chumba kimoja, bati likangoja mavuno yajayo. Hakuna benki iliyomjengea. Benki ya Nyumba Tanzania, iliyoundwa miaka ya mwanzo ya 1970, ilifungwa 1995, na hata ilipokuwa hai mkulima wa mahindi hakuwa mteja wake mkubwa.

Kasoro ya Turner iko mahali pengine. Anamtazama mjenzi, lakini anaipita mbio ardhi anayojengea, na ujira anaoupokea anaupita pia. Friedrich Engels alikwisha kulieleza jambo hili 1872: mfanyakazi akijitosheleza kwa nyumba, mwajiri hupata nafasi ya kumpunguzia ujira, kwa kuwa kodi ya nyumba haihesabiwi tena. Mtazame kuli anayepakua malori mpakani Tunduma kwa malipo ya kutwa. Jumapili yake anaichanganyia udongo. Jasho hilo la Jumapili ni ruzuku kwa yule anayemlipa Jumatatu, ingawa wapo wanaoliita maendeleo ya kujitolea na kulipigia makofi.

Tanzania ilikwisha kuijaribu nadharia hii kwa vitendo. Kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa 1974 vilipimwa viwanja vyenye huduma Sinza, Kijitonyama na Mikocheni, na Mbeya kule Mwanjelwa. Shabaha ilikuwa watu wa kipato cha chini. Kwa jinsi masharti ya ujenzi yalivyokuwa na bei za saruji zilivyopanda, viwanja vingi vya Dar es Salaam viliishia kwa watumishi wa kipato cha kati na wafanyabiashara. Mnyonge aliuza akasogea mbele, akaanza upya pasipo bomba la maji.

Mpemba sasa imo katika hatari hiyo hiyo. Mji wa Tunduma, uliokuwa na watu wasiofika 100,000 katika sensa ya 2012, ulivuka 200,000 katika ile ya 2022. Upande mmoja umezuiwa na mpaka wa Zambia, hivyo unatambaa kufuata barabara kuu ya Mbeya, na Mpemba ndiko inakochepuka barabara ya lami ya kwenda Isongole, Ileje. Wavamizi wa Lima walijenga zaidi katika jangwa lisilogombewa. Ardhi ya Mpemba inatamaniwa na kila mwenye lori. Ikiwa mambo yatakwenda kama yanavyokwenda pembezoni mwa miji inayokua, shamba litauzwa kwa ekari na kuuzwa tena kwa kiwanja, na faida ya katikati itakuwa ya dalali.

Wapo wanaodai dawa ni hati, wakimfuata Hernando de Soto na kitabu chake cha 2000. Hati ni kinga. Lakini hati ya mtu mmoja mmoja inayowekwa rehani huweza pia kunadiwa.

Mfano unaostahili kuchambuliwa kuliko vitabu vyote viwili uko Chamazi. Wananchi waliohamishwa Kurasini kupisha upanuzi wa bandari walijiunga katika ushirika, wakaweka akiba, wakanunua ekari 30 pamoja. Wako mbali na kazi zao za zamani, na nauli inawala. Hata hivyo waliishika ardhi kwanza, tena kwa pamoja, nyumba zikafuata. Sheria ya Vyama vya Ushirika ya 2013 inatoa nafasi kama hiyo. Kwa Mpemba mikutano ya wananchi inapaswa kulijadili jambo hili kabla ya wapimaji kufika, kwani vigingi vikishapigwa ekari hizo zitakuwa na majina mengine.