Mshauri wa Fedha: Huru, wa Kujitegemea, au Asiyefungamana?

Katika kufasiri kanuni za fedha za Uingereza, watafsiri wetu hukutana na mtaalamu ambaye kazi yake ni kumshauri raia namna ya kuwekeza akiba na kutunza pensheni. Huweza kuitwa 'mshauri wa fedha huru', 'mshauri binafsi wa fedha' au 'mshauri wa fedha wa kujitegemea'. Kwa maoni yetu majina yote matatu yana kasoro, wala kasoro hizo si za ufasaha peke yake.

Jina la kwanza lina utata wa sarufi. 'Huru' ni kivumishi kisichobeba upatanisho. Hivyo msomaji hawezi kujua kama kilicho huru ni mshauri au ni fedha. Majina mawili yaliyobaki hayana ubaya wa sarufi, ila yamepotoka katika maana, kwani yanamdokeza mtu asiyeajiriwa. Kanuni za Uingereza haziulizi hilo. Aliyeajiriwa na kampuni aweza kuhesabiwa katika kundi hili, na aliyejiajiri aweza kukosa nafasi humo iwapo huuza bidhaa za kampuni moja tu. Kinachopimwa ni kama ushauri wake hauelemei upande wa mwenye bidhaa.

Kwa sababu hiyo tunapendekeza 'mshauri wa fedha asiyefungamana'. Neno hili si geni: tulilizoea katika siasa ya nchi zisizofungamana na upande wowote. Tena hubeba upatanisho: washauri wasiofungamana, ushauri usiofungamana.

Neno la pili linalohitaji kuangaliwa ni 'sifa'. Hutumika kwa mtihani, kwa hati na kwa mwenendo mwema pia. Katika habari hii mambo hayo hayana budi kutenganishwa. Tangu 31 Desemba 2012, mshauri wa uwekezaji wa rejareja nchini Uingereza alitakiwa awe amefaulu mitihani ya ngazi ya nne, inayokaribia kiwango cha mwaka wa kwanza wa chuo kikuu; kabla ya hapo ngazi ya tatu ilitosha. Zaidi ya hayo, alitakiwa kupata kila mwaka hati kutoka chama cha taaluma kilichoidhinishwa, na kutimiza saa 35 za mafunzo kwa mwaka, 21 kati yake zikiwa za mafunzo yenye utaratibu maalumu. Siku hiyohiyo kamisheni za wenye bidhaa kwa ushauri mpya wa uwekezaji zilipigwa marufuku. Mteja akawa ndiye mlipaji wa ada.

Mfasiri akiandika 'awe na sifa zinazotakiwa', mambo matatu hugeuka moja, na msomaji hudhani kwamba mtihani mmoja humtosha mshauri maisha yake yote. Tunashauri 'ufuzu' kwa mtihani, 'hati ya hadhi ya kitaaluma' kwa ile ya kila mwaka, na 'mafunzo endelevu' kwa zile saa 35.

Huenda wengine wakaona kwamba tunachambua mno. Lakini mstaafu anayekabidhi kiinua mgongo chake hana kinga nyingine ila kujua anayemshauri amefunzwa nini na analipwa na nani. Istilahi ikimficha mojawapo, hasara haitakuwa ya mfasiri. Tunawaomba wasomaji watuletee maoni yao.