Mwamba Ngoma Huvutia Kwake: Jenerali Anapojiandikia Historia

Wengi wetu kisiwa cha Kefalonia tumekijua kwa njia ya mapenzi. Riwaya ya Louis de Bernières, Captain Corelli's Mandolin, iliyotoka mwaka 1994, na filamu iliyofuata mwaka 2001, zilitusimulia juu ya kapteni wa Kiitalia na binti wa Kigiriki, na juu ya askari wa Kiitalia waliopigwa risasi na Wajerumani. Riwaya ni riwaya, hatuna ugomvi nayo. Lakini msomaji akishafunga kitabu hubaki na swali: amri ilitoka kwa nani? Swali hilo limetupeleka kwenye vitabu viwili vya Kijerumani ambavyo leo tunataka kuviweka kwenye mizani.

Kwanza matukio yenyewe. Italia ilipoweka silaha chini tarehe 8 Septemba 1943, Ugiriki ya kaskazini-magharibi ilikuwa mikononi mwa Kikosi cha 22 cha Milimani cha jeshi la Ujerumani. Makao yake makuu yalikuwa mji wa Ioannina, na kamanda wake alikuwa Jenerali Hubert Lanz. Divisheni ya Kiitalia ya Acqui iliyokuwa Kefalonia ilikataa kusalimu amri, ikapigana wiki moja hivi, ikashindwa. Baada ya hapo watu waliokwisha kuinua mikono wakauawa, akiwamo jenerali wao, Antonio Gandin, aliyepigwa risasi tarehe 24 Septemba. Usiku wa kuamkia 1 Oktoba wapiganaji wa msituni walimuua Luteni Kanali Josef Salminger, na Lanz akaamuru kisasi. Tarehe 3 Oktoba kijiji cha Lyngiades, kilichoko mlimani juu ya ziwa la Ioannina, kilitiwa moto na watu zaidi ya 80 wakauawa, wengi wao wazee, wanawake na watoto. Tena tarehe 25 Machi 1944 Wayahudi wa Ioannina zaidi ya 1,800 walikusanywa na kupelekwa Auschwitz. Waliorudi ni wachache mno.

Mwaka 1948 mahakama ya Nuremberg ilimhukumu Lanz kifungo cha miaka 12. Mwaka 1951 alikuwa nje. Na mwaka 1954 alitoa kitabu, Gebirgsjäger, historia ya Divisheni ya Kwanza ya Milimani, ile ile aliyowahi kuiongoza na ambayo baadaye iliwekwa chini ya kikosi chake huko Ugiriki.

Hapa ndipo ilipo hoja yetu. Vitabu vya namna hii vina lugha yake. Vinahesabu vilima vilivyotekwa, madaraja yaliyojengwa na nishani zilizovaliwa. Mwanakijiji akitajwa huitwa jambazi, na kuchoma nyumba yake huitwa kusafisha eneo. Maneno hayo hayakubuniwa baada ya vita. Yalikuwa yakiandikwa katika taarifa za jeshi kila siku. Anayeyaamini maneno hayo huhesabu maiti za raia kama maadui waliokufa vitani, wala hajiulizi kwa nini maiti ni nyingi na bunduki zilizokamatwa ni chache.

Sisi tuliotoka Afrika Mashariki mtindo huu hatuuoni leo kwa mara ya kwanza. Paul von Lettow-Vorbeck naye, vita vya kwanza vilipokwisha, alirudi kwao akaandika Heia Safari! mwaka 1920, na watoto wa Kijerumani wakakua wakimjua kama shujaa wa porini. Wapagazi waliofia njiani na wakulima walionyang'anywa chakula hadi njaa ikaingia vijijini hawakupata wa kuwaandikia kitabu. Wahenga walisema, mwamba ngoma huvutia kwake.

Kitabu cha pili ni Blutiges Edelweiß cha Hermann Frank Meyer, kilichotoka Berlin mwaka 2008. Meyer hakuwa mwanahistoria wa chuo kikuu, alikuwa mfanyabiashara. Baba yake aliuawa Ugiriki na wapiganaji wa msituni mwaka 1943. Mtu wa namna hiyo angeweza kuandika kwa uchungu wa upande mmoja, na nani angemlaumu? Yeye alianza kwa kutafuta habari za baba yake, akaishia kuwatafuta waliouawa na wenzake wa baba yake. Alisoma kumbukumbu za jeshi, akawasikiliza walionusurika, akawasikiliza pia askari wa zamani. Kuhusu Kommeno, ambako Divisheni ya Kwanza iliua watu 317 tarehe 16 Agosti 1943, kabla Lanz hajafika, anatuonyesha kuwa kila amri ilipitia kwa mtu mwenye jina na cheo.

Kasoro zimo. Kitabu ni kinene kupita kiasi, majina ya vikosi yanarundikana mpaka msomaji anapotea njia, na mahali pengine hasira ya mwandishi inatangulia mbele ya ushahidi. Hata hivyo, tukiambiwa tuchague kimoja cha kuwapa vijana wetu, tutachagua hiki bila kusita. Mwaka 2014 Rais wa Ujerumani, Joachim Gauck, alikwenda Lyngiades akaomba msamaha. Tunaamini safari ile isingewezekana kama kitabu cha jenerali ndicho pekee kilichobaki kwenye rafu.

Kwa hiyo, ndugu zetu, mnapowapeleka watoto maktaba huku ugenini, wafundisheni kuuliza aliyeandika alikuwa amesimama upande gani wa bunduki. Na mkipiga simu nyumbani, waulizeni wazee waliobaki yale waliyoyaona na waliyosimuliwa na wazazi wao, kisha myaandike. Meyer aliwahi baadhi ya mashahidi wake wakiwa tayari ni vikongwe. Wetu hawatatusubiri.