Dakika Moja ni Shilingi Ngapi? Sarafu ya Muda katika In Time na Egesangio ya Abagusii

Filamu ya Andrew Niccol, In Time (2011), ni miongoni mwa kazi za kubuni zinazomshawishi mtazamaji kuchukua kalamu na kupiga hesabu. Katika ulimwengu wake binadamu huacha kuzeeka afikapo umri wa miaka 25, na kuanzia hapo huishi kwa muda unaohesabika mkononi mwake. Mshahara hulipwa kwa muda, bidhaa hununuliwa kwa muda, na anayeishiwa hufa papo hapo. Kikombe cha kahawa ni dakika nne. Nauli ya basi ni muda wa saa mbili. Gari la kifahari ni miaka 59. Je, dakika hiyo ni shilingi ngapi? Makala haya yanashikilia kwamba swali hilo ni la msingi katika uhakiki wa kazi hii, ila halijibiki kwa hesabu tupu.

Ikichukuliwa, kwa mfano tu, kwamba kikombe ni shilingi 40, dakika moja itakuwa shilingi 10, nauli ya basi shilingi 1,200, mwaka mmoja shilingi 5,256,000, na lile gari shilingi 310,104,000. Kasoro inajitokeza mara moja. Nauli ni sawa na vikombe 30, na hakuna abiria wa matatu kutoka Kisii hadi Nyamira ambaye angestahimili nauli ya vikombe 30 vya chai. Mhakiki anayeona hapa uzembe wa mtunzi anakosea. Nauli hiyo ilikuwa saa moja, ikapandishwa bila taarifa, na mama yake Will Salas, mwenye muda wa saa moja na nusu tu, analazimika kukimbia kwa miguu hadi anapofia mikononi mwa mwanawe. Kiwango cha ubadilishaji ndicho msuko wa hadithi, na anayekipanga ndiye muuaji.

Abagusii waliufahamu msuko huo mapema. Utawala wa Waingereza, ulioimarishwa kwa misafara ya kijeshi ya 1905 na 1908, ulileta kodi ya nyumba. Mtu aliyekuwa na ng'ombe, wimbi na siku zake alilazimika kuzigeuza siku hizo ziwe rupia, aghalabu katika mashamba ya walowezi na, baadaye, ya chai huko Kericho. Mwezi katika tikiti ya kazi haukuwa wa kalenda bali siku 30 zilizofanyiwa kazi na kutiwa alama. Siku isiyotiwa alama haikuwapo. Kisha mwaka 1920 rupia, iliyokuwa na thamani ya shilingi moja na peni nne, ilipangiwa thamani ya shilingi mbili, na mwaka uliofuata waajiri Wazungu wakakata mishahara ya Waafrika kwa theluthi moja. Jembe lilikuwa lile lile, na siku haikufupika. (Mkulima wa majani chai wa leo, anayelipwa kidogo kila mwezi na kungoja bonasi ya mwisho wa mwaka ajue kilo yake ilikuwa na thamani gani, hahitaji kufafanuliwa jambo hili.)

Hata hivyo, Abagusii walikuwa pia na sarafu ya muda isiyopitia shilingi. Mwanaanthropolojia Philip Mayer, katika utafiti wake uliochapishwa mwaka 1951, alieleza namna majirani wa Gusii walivyoshirikiana kulima. Katika egesangio, kikundi hulima shamba la kila mwanachama kwa zamu: siku hulipwa kwa siku. Katika risaga, mwenye shamba huwaita majirani na kuwakirimu kwa pombe. Haifai kuitukuza mifumo hii kupita kiasi, kwani risaga ilimfaa zaidi mwenye wimbi la kutosha kupikia pombe. Lakini deni la egesangio lina sifa ambayo In Time haikuiwaza. Haliwezi kulimbikizwa. Tajiri Philippe Weis anahifadhi miaka milioni moja katika kasha lake; hakuna awezaye kuhifadhi siku milioni za jirani, kwa sababu jirani hulipa kwa kuja mwenyewe na jembe lake, na aliyelimiwa jana hutazamiwa kwa mwenzake zamu ikifika.

Hapo ndipo udhaifu wa filamu ulipo. Muda ndani yake huuzwa, hukopeshwa kwa riba, huibwa, na hata hutolewa bure: Henry Hamilton anampa Will zaidi ya karne moja usingizini, na Will anampa rafiki yake Borel miaka kumi, naye Borel anakunywa pombe hadi kufa. Kinachokosekana ni zamu. Mtoaji na mpokeaji hawabaki na la kudaiana, hivyo kila kipawa kinaishia kwa kifo. Niccol alibadili kipimo cha fedha, akaacha tabia yake yote kama ilivyokuwa, na ndiyo maana suluhisho pekee analoliona ni wizi. Will na Sylvia wanaigawa miaka milioni ya Weis kwa maskini, kisha filamu inawaacha wakielekea benki kubwa zaidi, pasipo hata mmoja wao kuuliza nani atapanga nauli ya basi kesho yake.