Michoro ya Michelangelo ya Kaburi la Papa Julius II: Uhakiki wa Dhana ya Kushindwa

Mwaka 1505 Papa Julius II alimwagiza Michelangelo amjengee kaburi. Mnara uliokamilika mwaka 1545 katika kanisa la San Pietro in Vincoli, Roma, ni mdogo mno kuliko ule uliokusudiwa. Kwa sababu hiyo, wahakiki wengi wameuhesabu kuwa ni kushindwa kwa msanii.

Hukumu hiyo ina udhaifu wa kimsingi. Kaburi la sanamu zipatazo 40, lililokusudiwa kusimama peke yake na kutazamwa kutoka pande zote, linajulikana hasa kutokana na maelezo ya Vasari na Condivi, yaliyochapishwa mwaka 1550 na 1553. Michoro iliyosalia haithibitishi ukubwa huo. Mchoro uliomo katika Jumba la Makumbusho la Metropolitan, New York, ambao uhalali wake umejadiliwa na wataalamu, unaonyesha upande mmoja tu. Ule wa Berlin, unaohusishwa na mkataba wa mwaka 1513, nao unaonyesha upande wa mbele peke yake. Umefifia kiasi kwamba husomwa kwa msaada wa nakala ya Giacomo Rocchetti. Kwa hiyo, kinacholaumiwa kwa kutojengwa ni kaburi la maneno zaidi kuliko kaburi la michoro.

Aidha, michoro hiyo haikuwa na kazi moja. Ile ya New York na Berlin imekamilishwa kwa uangalifu, kama inavyostahili michoro ya kumshawishi mfadhili. Karatasi ya Oxford, kinyume chake, ina vielelezo vidogo vya watumwa waliofungwa, vilivyochorwa harakaharaka kwa kalamu. Hapo msanii anatafuta mkao wa mwili, hamuahidi mtu chochote.

Thamani ya michoro hii hudhihirika zaidi katika sanamu ya Musa. Katika mpango wa mwaka 1513, sanamu za walioketi zimewekwa ghorofa ya juu, zitazamwe kutoka chini. Leo Musa ameketi karibu na usawa wa macho ya mtazamaji. Asiyeijua michoro anaweza kuudhani urefu wa kiwiliwili chake kuwa kosa la mchongaji, ilhali kilichobadilika ni mahali pake. Michoro, basi, haipaswi kutumiwa kuushtaki mnara, bali kufundisha namna ya kuutazama.