Pishi Linalohama na Pishi Linalobaki: Uchambuzi wa Majiko ya Dzaleka

Kila kitabu cha mapishi ya zamani, kiwe kimetungwa na mwanachuoni au na bibi wa nyumbani, hujengwa juu ya dhana isiyotamkwa, kwamba msomaji atasimama mahali aliposimama mwandishi, penye soko lile lile, kuni zile zile na mavuno yale yale. Na dhana hiyo ikiondoka, aghalabu pishi nalo huondoka. Kwa sababu hiyo, mwenye kutaka kujua ni kwa ustadi gani mapishi ya miaka iliyopita huweza kudumu baada ya wenyewe kuhama, hana budi kuyatazama majiko ya makazi ya wakimbizi ya Dzaleka, katika wilaya ya Dowa, mwendo usiotimia kilomita 50 kaskazini ya Lilongwe, mji mkuu wa Malawi. Hapo, katika ardhi iliyokuwa na gereza la wafungwa wa siasa wa enzi ya Kamuzu Banda, rais wa kwanza wa Malawi, wamekaa tangu mwaka 1994 watu waliotoka Kongo, Burundi, Rwanda, na kadhalika Uhabeshi na Somalia. Makazi yaliyokusudiwa watu kati ya 10,000 na 12,000 leo yana watu zaidi ya 50,000, na Kiswahili ni miongoni mwa lugha wanazosikilizana kwazo sokoni na kisimani. Mapishi ya mama zao waliyachukua vifuani, maana anayekimbia vita hachukui kinu.

Hoja ya uchambuzi huu ni kwamba kilichoyahifadhi mapishi hayo si vipimo, bali ni maarifa ya kazi ifanywayo na kila kitu chunguni. Na kwamba kitabu chochote kitakachoandika mapishi hayo kwa vipimo peke yake, kikaacha kazi hizo bila kuzitaja, kitakuwa kimehifadhi ganda na kupoteza kiini.

Tuchukue sombe, ambalo watu wa Pwani hulijua kwa jina la kisamvu, na ambalo kwa familia nyingi za Kongo ya mashariki, Burundi na Rwanda ni pishi la kila wiki. Jani la muhogo lina dutu iitwayo linamarini, na lina pia kimeng'enya ambacho, kikikutana na dutu hiyo, huivunja mpaka ikatoa sianidi, nayo ni sumu. Katika jani zima viwili hivi vimetengwa, kila kimoja katika chumba chake. Mchi ndio unaovunja kuta na kuvikutanisha. Basi kutwanga si kazi ya kulainisha tu: mwanamke anayetwanga mpaka jani likapoteza umbo lake na kuwa rojo ameilazimisha sumu ijitoe katika maficho yake, na kwa kuwa sianidi huchemka kwenye nyuzi 26 za Selsiasi, joto ambalo mchana wa kawaida huweza kulifikia, chungu kikiachwa wazi juu ya moto huiacha iruke pamoja na mvuke. Anayechemsha kwanza majani mazima, kisha akayatwanga, amekiua kimeng'enya kabla hakijatenda kazi, maana kimeng'enya hakistahimili moto ilhali linamarini huustahimili. Huyo hana njia iliyobaki ila kuchemsha kwa maji mengi na kuyamwaga.

Angalia sasa jinsi mafunzo ya wazee yanavyoafikiana na elimu hiyo, ingawa wao hawakuitaja sumu kwa jina lake. Huagiza yachumwe majani machanga ya ncha, yaondolewe vikonyo, yatwangwe mabichi pamoja na majani ya vitunguu na pilipili mboga, yatiwe katika maji mengi, na chungu kisifunikwe mpaka harufu ya ubichi itoweke na rangi ya kijani ing'aayo igeuke kuwa kijani kizito. Hapo tu ndipo chumvi na mafuta huingia. Hakuna saa iliyotajwa wala kikombe kilichopimwa; zimetajwa alama, na alama ni kipimo kilicho thabiti kuliko saa, kwa sababu moto wa makaa ya Dzaleka haulingani na moto wa kuni za Uvira kule Kongo, na jani la kiangazi halilingani na jani la masika, bali harufu ya ubichi ikiisha imekwisha kote duniani.

Sasa tuje katika jambo lililoyajaribu mapishi haya kwelikweli, nalo ni kukosekana kwa vitu. Sombe la Kongo hutiwa mawese. Tambarare ya Lilongwe si nchi ya michikichi, na mafuta yaliyokuwa yakigawiwa makazini pamoja na mahindi na mbegu za jamii ya kunde yalikuwa mafuta yaliyosafishwa, yasiyo na rangi wala harufu. Baadaye posho ikageuzwa kuwa fedha, na fedha hiyo ikapunguzwa. Mpishi anayelijua pishi kwa vipimo angesema hapa kwamba sombe haliwezekani. Anayelijua kwa kazi hujiuliza: mawese yalikuwa yakifanya nini? Yalileta mafuta, ambayo bila hayo mwili haunufaiki vyema na karotini iliyomo ndani ya majani, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Yalileta uzito wa mchuzi. Na yalileta rangi na ladha yake ya pekee. Jirani wa mpishi huyo, Mmalawi anayekaa katika nchi ya karanga, hupika mboga za majani kwa nsinjiro, yaani unga wa karanga mbichi zilizotwangwa. Karibu nusu ya uzito wa karanga ni mafuta, na unga wake huukaza mchuzi. Kwa hiyo kazi mbili katika tatu hutimizwa, na ya tatu hubadilika bila pishi kuvunjika.

Lakini badala haiingii chunguni kwa adabu ile ile ya kilichobadiliwa. Unga wa karanga, tofauti na mafuta, huzama na kushika chini ya sufuria. Kwa hiyo hutiwa sombe likiwa limekwisha kuiva, moto ukiwa umepunguzwa, na mwiko usitulie mpaka ladha ya ubichi wa karanga iondoke na mafuta yaanze kuonekana juu. Hali ni hiyo hiyo kwa samaki: palipokuwa na ndagala wa Ziwa Tanganyika, sasa yupo usipa wa Ziwa Malawi, mdogo na mkavu kama yule, ambaye kazi yake ni kuleta chumvi na utamu wa nyama mahali pasipo na nyama. Huoshwa kwanza ili mchanga uondoke, kisha huingia mwisho, asije akasagika.

Ugali nao una tafsili yake. Wengi wa watu wa Kivu, huko Kongo ya mashariki, wamelelewa kwa ugali wa muhogo, au wa muhogo uliochanganywa na mahindi, ilhali nsima ya Malawi ni ya mahindi matupu, ya ufa woyera uliokobolewa au mgaiwa usiokobolewa. Mmalawi huanza kwa uji mwepesi, akauacha utokote, ndipo akaongeza unga kidogo kidogo huku akisonga. Anayechanganya hufuata mlango huo huo wa uji, ila unga wa muhogo huuweka mwisho kabisa. Sababu ni kwamba wanga wa muhogo huvimba na kushikamana upesi, katika joto lililo chini kuliko la mahindi, na ukipikwa kwa muda mrefu nguvu ya kushikamana kwake huvunjika ukawa mlenda. Mahindi yanataka muda, muhogo unataka haraka, na utaratibu wa kutia ndio unaovipatanisha. Utaratibu huu ndio siri nzima ya pishi lenyewe.

Kuhusu maharage nitasema kwa ufupi. Kuyaloweka usiku kucha hupunguza muda wa kuyapika, na mahali ambapo miti imekwisha kukatwa na makaa hununuliwa, huko ni kuokoa fedha. Magadi, na chidulo cha Wamalawi kitokacho katika majivu, huyalainisha upesi zaidi, lakini huharibu sehemu ya vitamini zake; basi yatumike kwa uchache.

Baada ya kuyaona hayo, tuvipime vitabu. Mwaka 1226 huko Baghdad, Muhammad bin al-Hasan al-Baghdadi alitunga Kitab al-Tabikh, na ndani yake amezoea kuagiza, mwisho wa pishi, kingo za chungu zipanguswe kwa kitambaa safi na chungu kiachwe juu ya moto mpole mpaka kitulie. Ni agizo la mtu aliyesimama jikoni. Mwaka 1896 Fannie Farmer wa Boston aliimarisha kanuni ya kikombe na kijiko kilichosawazishwa, na faida yake ni kubwa, kwa kuwa mgeni wa jiko huweza kuanza bila mwalimu. Nairobi mwaka 1928 chama cha wanawake wa kanisa la St Andrew's kilitoa kitabu cha mapishi cha walowezi wa Kenya, chenye sehemu ya Kiswahili kwa ajili ya mpishi. Malawi nayo ilipata katika miaka ya 1970 kitabu chake, The Malawi Cookbook, kilichokusanywa na Annabel Shaxson, Pat Dickson na June Walker. Sivikatai vipimo, ninachosema ni kwamba kipimo humfaa aliyebaki mahali pake, na kazi ya kila kitu humfaa aliyehama, na watu wetu wa Maziwa Makuu wamehama sana.

Wala kuhama hakujakwisha. Mwaka 2023 serikali ya Malawi iliwaamuru wakimbizi waliokuwa wakiishi na kufanya biashara Lilongwe na miji mingine warudi makazini, na waliokuwa wamezoea soko la mji mkuu wakaanza tena kupika kwa kilichopo. Wengine huondoka kwenda kuhamia nchi za mbali, ambako jani la muhogo huuzwa likiwa limegandishwa kwa barafu, tayari limetwangwa. Tamasha la Tumaini, lililoanzishwa Dzaleka mwaka 2014, huwaleta wageni kutoka Lilongwe wakala na kusifu; sifa hiyo ni haki, lakini sifa haiandiki chochote.

Kwa hiyo, kwa kijana wa Dzaleka mwenye daftari au simu, na kwa kila asomaye haya penye mzazi aliye hai, natoa wasia huu. Keti na mama yako au bibi yako siku anayopika, si siku ya mahojiano, na kwa kila kitu kinachoingia chunguni muulize maneno manne: kinaingia lini, kinafanya kazi gani, unajuaje kwamba kimekwisha kazi yake, na kisipopatikana utatia nini. Yaandike majibu kwa maneno yake mwenyewe, kisha ndipo upime kwa kikombe, ukiweka kipimo pembeni kama msaada. Kitabu kitakachoandikwa hivyo kitapikika Dowa, kitapikika Bukavu, na kitapikika kokote watoto wetu watakakojaaliwa kufika.